Mto Wetu Katika Picha: Jicho Linaongozwa Wapi?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware)

Wale mliotoka Kawangware poleni kwa safari. Kubadilisha matatu mara mbili Jumamosi asubuhi si mchezo.

Wengine wenu mlishangaa mlipopata barua yetu. Watu wa ofisi ya maendeleo, ambao kila siku wanasumbua vikundi na daftari za hesabu, leo wanataka kuzungumza juu ya kupiga picha? Kwani tunafungua studio? Hapana. Sababu ni kwamba karibu kila kikundi kilichoko hapa kinafanya kazi kando ya maji. Wengine mnazoa taka, wengine mmepanda miti na nduma ukingoni, wengine mnazibua mitaro kabla ya mvua za Machi. Na kila kikundi sasa kina mtu mwenye simu ya kamera. Picha zenu zinakwenda kwa chifu, kwa kaunti, kwa NEMA, kwa wafadhili, na siku hizi zinakwenda hata kwa watu ambao hatutawajua kamwe. Zinasema mahali ambapo sisi hatupo, na zikisema vibaya hatuna nafasi ya kusimama tukasahihisha.

Picha nyingi zinazofika ofisini ni za aina mbili. Ya kwanza ni watu ishirini wamesimama sambamba kama timu ya mpira, majembe mkononi, na mto uko nyuma yao hauonekani. Ya pili ni taka tupu. Mtu ameinamisha simu akapiga rundo la mifuko na chupa, basi. Ukiiangalia hujui kama ni Lindi, au ni Gatina, au ni nchi nyingine kabisa. Picha zote mbili ni za kweli, lakini anayezipokea hapati habari yoyote ya kumfanya ainuke kutoka kiti chake.

Hebu tuanze na jambo moja tu, kwa sababu ndilo kubwa. Jicho la mtu likiingia katika picha ni kama mgeni aliyeshuka matatu mtaani asikokujua. Linatafuta njia. Likiona mstari, linaufuata. Mto ni mstari. Uchochoro ni mstari, reli ni mstari, bomba la maji, ua wa mabati, safu ya nduma, vyote ni mistari. Wapiga picha huiita mistari inayoongoza jicho. Ukishajua hivyo, swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni hili: mstari huu unampeleka mgeni wangu kwa nani?

Tuchukue mfano. Mko juu ya daraja la mbao. Mkigeuka kutazama maji yanakotoka, mnaona kijito kinapanda bondeni, kinapinda kidogo, na mwisho wa macho liko bomba kubwa linalomwaga maji machafu kutoka nyumba za ghorofa zilizo juu. Mkigeuka upande wa pili, kijito hichohicho kinashuka, kinapita katikati ya taka, na mwisho wake yuko mtoto amechuchumaa mlangoni kwao. Daraja ni lilelile, siku ni ileile, uchafu ni uleule. Lakini picha ya kwanza inamwambia mtazamaji uchafu unatoka wapi. Ya pili inamwambia kwamba uchafu huu ni wa mtoto huyu na mama yake. Hakuna aliyeandika neno hata moja, mstari ndio uliosema.

Na hilo si jambo dogo kwetu. Mnakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024. Watu walikufa, nyumba zikasombwa, na Serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito waondoke. Mathare na Mukuru nyumba zilibomolewa watu wakiwa bado na matope miguuni. Katika siku kama hizo picha hushuhudia. Kama picha zote zilizoko duniani za mito ya Nairobi zinaishia kwa mtoto wa mlangoni, basi rahisi sana mtu kusema tatizo la mto ni wale wanaokaa hapo.

Hatusemi tufiche yetu, jamani. Kama choo cha plot yetu kinamwaga kijitoni, mstari uishie hapo pia, na picha hiyo ndiyo iwe ya kwanza kujadiliwa katika mkutano wa kikundi kabla ya kumpelekea chifu picha ya wengine. Tunalosema ni kwamba mwisho wa mstari uwe mahali ambapo jambo linaanzia, au mahali ambapo kazi inafanyika. Usiwe juu ya uso wa mtu asiye na la kufanya.

Ili kuchagua vizuri inafaa tujue mito yetu inakwenda wapi. Ule unaopita chini ya Kibera huitwa Motoine. Unatoka upande wa Dagoretti, unapita bondeni na kuingia Nairobi Dam. Ukitoka bwawani unaitwa Ngong, unapita Mukuru na sehemu ya viwanda. Vijito vya Kawangware navyo vinateremka kuelekea Lavington na Kileleshwa, vinapita nyuma ya malango makubwa, na kuishia katika Mto Nairobi. Mito yote hii mwishowe inakutana, inaingia Athi, na maji hayo yanafika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo mtu wa Kawangware akipiga picha yenye mstari unaoteremka kuelekea miti ya Lavington, ameonyesha kwamba majirani hawa wawili wanakunywa, tuseme, kikombe kimoja.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Watu wengi wanaokuja kupiga picha Kibera husimama kwenye reli. Ni mahali pazuri, ni juu, miguu haichafuki. Lakini kutoka relini unaona nini? Mabati, mabati yaliyoshika kutu mpaka upeo wa macho. Mto hauonekani na watu hawaonekani. Kama habari yako ni mto, lazima ushuke.

Ukishashuka, chagua urefu wa kamera. Ukichuchumaa, kilicho karibu kinakuwa kikubwa sana na mto unalala, unabaki utepe mwembamba. Hiyo inafaa ukitaka kuonyesha rundo lililoziba mfereji. Ukipanda juu kidogo, kwenye daraja au ngazi au kichuguu cha udongo, mto unafunguka na kona zake zinaonekana. Kona ni nzuri. Mto unaopinda kama herufi S unalifanya jicho litembee polepole, likiona hiki na kile njiani, kuliko mto ulionyooka unaolirusha mbali mara moja. Lakini tafadhali, wakati wa mvua msisimame kwenye ukingo wa udongo. Ukingo huliwa kutoka chini, juu unaonekana mzima. Hakuna picha inayolingana na mtu.

Mto uingie katika picha kutoka pembe ya chini, kulia au kushoto. Ukiingia katikati kabisa unaikata picha vipande viwili kama papai. Halafu tazama unakotokea. Kama mto unatoka nje ya picha upande wa pembeni, jicho linatoka nao, kama mteja aliyepita kibanda chako bila kununua. Jaribu kusogea hatua mbili tatu mpaka mstari uishie ndani, kwenye kile unachotaka kionekane.

Na kile unachotaka kionekane usikiweke katikati. Fikiria dirisha la vioo tisa, safu tatu kwenda juu na tatu kwenda kando. Pale vyuma vinapokutana, hapo ndipo pa kuweka bomba, au daraja, au mama anayepanda mche. Simu nyingi zina mistari hiyo. Itafute katika mipangilio ya kamera uiwashe. Mbingu ipewe sehemu ndogo tu. Mbingu ya Nairobi ni nzuri kweli, lakini si yetu ya kuzibua.

Angalieni pia mistari inayogombana. Kamba ya nguo ikikatiza mbele ya mto, jicho linasimama kwenye nguo. Nyaya za umeme vivyo hivyo. Lakini wakati mwingine mstari unaoonekana kama usumbufu ndio wenye habari. Mnajua yale mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa yanayolala ndani ya mtaro. Bomba likiwa na ufa, maji ya kampuni yakikatika, maji machafu ya mtaroni hunyonywa ndani, na yakirudi ndiyo tunayoteka kwa mtungi. Basi piga picha ukifuata bomba hilo, lianzie karibu na miguu yako, lipite ndani ya maji meusi, liishie kwenye mfereji ambapo watu wamepanga mitungi yao foleni. Picha hiyo moja inaeleza kipindupindu vizuri kuliko ripoti yetu ya kurasa kumi.

Juu ya mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi mwaka mzima. Mabati yanang'aa, maji yanakuwa meupe kama mabati, na sura za watu zinakuwa na giza machoni. Piga kati ya saa moja na saa mbili u nusu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu jioni. Mito yetu mikubwa inatoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo asubuhi ukitazama mto unakotoka, jua liko mgongoni mwako na kila kitu kinaonekana wazi. Jioni tazama unakokwenda. Ukifanya kinyume, ukilielekea jua, nyumba zitakuwa nyeusi lakini maji yatang'aa kama fedha. Wengine hupenda hivyo kwa uzuri wake, ila kwa ushahidi hapana. Vile vijito vidogo vinavyoteremka Kibera kutoka upande wa reli kwenda bondeni vinapata jua la pembeni asubuhi na jioni, na jua la pembeni huonyesha vizuri kina cha mtaro.

Na usivute picha kwa vidole viwili. Inaharibika. Tumia miguu, sogea.

Kuna watu waliofanya kazi hii kabla yetu na inafaa tuwajue. Mwaka 1997 kule Mathare, mpiga picha Lana Wong pamoja na chama cha michezo cha vijana, MYSA, waliwapa vijana wa mtaa kamera rahisi za plastiki wapige maisha yao wenyewe. Mradi uliitwa Shootback, na kitabu chao kilitoka mwaka 1999. Vijana wale walikuwa wamezoea wageni kuja, kupiga na kuondoka. Walipoishika kamera wenyewe, walipiga kutoka ndani ya nyumba kutazama nje. Mnaona tofauti? Mgeni mara nyingi husimama nje, na mistari yake yote inaingia kwetu. Mwenyeji anaweza kusimama mlangoni pake akatazama inakoanzia.

Mwingine ni msanii Mfaransa anayejiita JR. Mwaka 2009 alifunika kiasi cha mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo. Alitumia karatasi ya plastiki isiyopitisha maji, hivyo paa za watu zikapata kinga ya mvua, na sisi twadhani hilo ndilo lililowafurahisha wenye nyumba zaidi. Macho mengine aliyabandika juu ya mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya uso akaiweka kwenye mabati mteremkoni chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta moja tu uso ulikuwa mzima. Aliitumia reli, mstari uleule tunaouvuka kila siku na mizigo kichwani, kuleta macho ya akina mama mahali watu wa mjini wangeyaona.

Lakini kazi ambayo tunawaomba vikundi mfanye si ya maajabu kama hiyo. Ni ya uvumilivu. Chagueni mahali pamoja, kona ya daraja au jiwe mlilolipaka rangi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na tena baada ya kila mvua kubwa, mtu mmoja asimame hapohapo na apige picha ileile. Msikisie. Beba picha ya kwanza iliyochapishwa, uangalie vitu viwili, kwa mfano mlingoti wa stima na pembe ya paa iliyo nyuma yake. Vikikaa kama vilivyokaa katika picha ya kwanza, umesimama sawasawa. Simu ilale au isimame kama mwanzo, na kifua kiwe kwenye urefu uleule.

Mkifanya hivyo mwaka mzima, ule mstari wa mto unakuwa kipimo. Mtaona ukingo umeliwa hatua ngapi. Mtaona kama miche mliyopanda imeshika au ni mbuzi wamefaidi. Mtaona pia taka zinarudi baada ya wiki ngapi, na hapo ndipo penye maneno. Mito ya Nairobi imesafishwa mara nyingi. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia 2008 hadi alipofariki 2012, alisimamia usafishaji mkubwa wa Mto Nairobi. Mwaka 2024 maelfu ya vijana waliajiriwa tena kusafisha mito. Kila mara kuna picha ya siku ya kwanza, ya wakubwa wamevaa glavu. Picha ya miezi sita baadaye huwa haina mwenyewe. Hiyo ndiyo tunataka iwe yenu.

Fikirini Nairobi Dam. Ilijengwa mwaka 1953 kuhifadhi maji, na watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga pale. Kulikuwa na klabu yao. Mtoto wa Silanga ukimwambia hivyo leo anakucheka, maana anachokijua ni magugu maji, tope na mashamba ya mboga. Lau kungekuwa na mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja kila mwaka tangu 1953, tungeweza kuonyesha kwa kidole ni mwaka gani maji yalianza kurudi nyuma na ni upande upi uchafu uliingilia.

Sasa heshima ya watu. Kila binadamu ana heshima aliyopewa na Mungu, na haipungui kwa sababu anaishi karibu na mfereji. Piga hodi. Mweleze mwenyewe picha inakwenda wapi, na akikataa, amekataa. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inadai idhini, na kwa mtoto ni idhini ya mzazi au mlezi. Usimpige mtu akitoka chooni. Usimpige mgonjwa. Na mkikuta mapipa ya wapikaji kando ya maji, vijana wetu wafunike simu wapite, hatuwatumi kufanya kazi ya polisi. Mkitaka mtu katika picha ili mto uonekane ukubwa wake, awe ni mwanakikundi na awe anafanya kazi, uso ukiwa kwenye kazi na si kwenye kamera.

Kila picha iandikwe tarehe, mahali, umetazama upande gani, na jina la aliyepiga. Mkituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa, na habari za tarehe zilizofichwa ndani yake zinafutika. Itumeni kama faili. Mbili bora za kila mwezi zichapishwe na kubandikwa katika daftari la kikundi, maana simu huibwa.

Baada ya mazungumzo mama mmoja wa Laini Saba aliuliza: je, kama kijito kimejaa taka hata maji hayaonekani, huo mstari uko wapi? Swali zuri. Tulimjibu hivi. Tazama juu, si chini. Mafuriko yakipita huacha matambara na karatasi za nailoni zimening'inia kwenye matawi, kwenye nyaya na kwenye kuta za mabati, zote kwa urefu mmoja, kijiji kizima. Huo ndio mstari wa mto, umeuchora wenyewe, na unaonyesha maji yalifika wapi usiku ule. Simama pembeni ili uufuate kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mtu mzima mmoja asimame karibu nao ili ionekane kama maji yalimfika kiunoni au shingoni. Na piga upesi, kabla wenye nyumba hawajaosha kuta.